Weka Ubaya Kwanza

Pale Mpanda, miaka ya tisini, madalali wa nyumba na viwanja walikuwa wengi, lakini mmoja tu ndiye watu waliyemwita Dalali, kana kwamba wengine walikuwa wanajaribu tu. Mimi naye tulijuana miaka kama minane. Katika miaka hiyo nilimwandikia matangazo mengi kuliko barua nilizowahi kuandika maishani, likiwemo tangazo la kuuza nyumba niliyokuwa nalala ndani yake. Hilo nitalifikia. Nikianza nalo nitajihurumia, na nikianza kujihurumia huwa sikomi mpaka chai ipoe.

Alikuwa mtu wa mabuti ya mpira. Kiangazi mabuti, masika mabuti, harusini mabuti. Ukimuuliza, alisema nyumba haionyeshwi wakati wa jua. Mteja akitaka kuona nyumba mwezi wa nane, Dalali alimpeleka kwa adabu, wakazunguka, wakagonga kuta, kisha akamwambia, "Hapo umeona picha yake tu. Subiri mvua nikuonyeshe yenyewe." Na mvua ikinyesha kweli, alimfuata. Kuna mwalimu mmoja mgeni alifuatwa mchana amelala zake, akatolewa nje na khanga ya mkewe kichwani.

"Twende, Mwalimu, twende! Inanyesha vizuri!"

"Mzee, si tungoje ikatike?"

"Ikikatika tunaenda kuangalia nini sasa?"

Walikwenda hadi Makanyagio wakilowa, wakasimama katikati ya chumba kitupu, wamenyanyua nyuso kama watu wanaosali, nusu saa nzima wakingoja tone lidondoke. Halikudondoka. Mwalimu alinunua ile nyumba na mafua akapata bure.

Watu hudhani dalali anatafuta nyumba. Yeye alisema nyumba haziendi popote, kazi ni kutafuta watu, na watu wana sehemu zao. Wauzaji aliwatafuta kwenye mashine ya kusaga. Alikaa kwenye benchi pale ndani, katikati ya kelele na vumbi la unga, akitoka amekuwa mweupe hadi kope. Wanawake waliokuwa wanangoja zamu walimzoea, wakaongea mbele yake kama vile yeye ni gunia jingine. Kwa njia hiyo alijua fulani anahamishwa kabla barua ya uhamisho haijafika, alijua nani kagombana na shemeji yake, na nani anataka kurudi kwao Sikonge. Hakumfuata mtu siku hiyohiyo. Alikaa nalo wiki, wiki mbili, kisha akapita kusalimia na kuomba maji ya kunywa.

Siku moja tulipita nyumba iliyoandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, herufi kubwa za mtu mwenye hasira: NYUMBA HII HAIUZWI. Mimi nikasema hapa basi huna kazi. Alisimama akanitazama kwa huruma, namna ambayo walimu wangu walikuwa wakinitazama kila wakirudisha mitihani.

"Mwandishi, una kiu?"

"Sina."

"Basi leo unayo. Mtu hapaki rangi kujibu swali ambalo hajaulizwa. Humo ndani kuna anayetaka kuuza na kuna anayekataa, na wote wawili hawajapata wa kuwasikiliza."

Tukaingia tukanywa maji. Alikwenda pale mara tano au sita bila kutaja nyumba hata kwa bahati mbaya. Mwishowe ile familia haikuuza kitu. Walipatana, wakafuta maandishi. Yeye alitoka mikono mitupu, na nilipomcheka alisema siku wakitaka kuuza hawatamwita mtu mwingine. Sijui kama walimwita. Ninachojua ni kwamba mimi ningekata tamaa siku ya kwanza, tena kabla ya kufika mlangoni.

Wanunuzi aliwatafuta stesheni, na hapo ndipo mimi naingia. Nyumba aliyotuachia baba ipo jirani na stesheni, na kibaraza chake kilikuwa kinatazama barabara. Treni ya kutoka Tabora ilikuwa na tabia ya kufika inapotaka. Dalali alihitaji pa kuingojea, na mimi nilikuwa mtu wa kupatikana. Niseme wazi: mimi siyo mtu wa kutembea. Sumbawanga nimefika mara mbili, na mara zote mbili nilirudi kabla ya siku zangu. Karema, ambako kaka yangu anaishi, nilisema nitakwenda mwaka kesho kwa miaka sita mfululizo. Kwa hiyo alinikuta hapo leo, akanikuta kesho, akanikuta mwezi uliofuata, mpaka siku moja akaniuliza kama na mimi nimejengwa pamoja na kibaraza.

Abiria wakianza kuteremka alinifundisha kuwasoma.

"Yule mwenye godoro begani?" niliuliza.

"Mpangaji."

"Umejuaje?"

"Godoro jipya na kitanda hana. Amekuja kujaribu maisha. Yakimshinda anakunja godoro lake anarudi. Mtazame yule mama nyuma yake."

Nilimtazama. Mama wa kawaida, mzigo kichwani, watoto wawili, kopo mkononi.

"Ndani ya kopo kuna nini?" akauliza.

"Mche. Wa mchungwa, sijui."

"Ametoka nao Shinyanga au wapi huko, safari yote hiyo anaumwagilia maji yake ya kunywa. Huyo hatafuti chumba, Mwandishi. Huyo anatafuta ardhi." Akainuka, akakimbia na mabuti yake pwatapwata hadi kwa yule mama, akampokea kopo kwa mikono miwili kama amepewa mtoto. Baada ya mwezi yule mama na mumewe walikuwa na shamba Litapunga.

Ijumaa alisimama nje ya msikiti watu wakitoka, Jumapili nje ya kanisa. Ndani hakuna aliyemwona, si huku wala kule, na pande zote mbili zilihesabu kwamba ni mtu wao. Mnadani alikwenda kuongea na wafugaji waliouza ng'ombe, lakini hakumwonyesha mtu kiwanja siku ya mnada hata angeshikwa mkono. Alisema mtu aliyeuza ng'ombe leo bado anawaona wakitembea. Mwache alale kwanza.

Sasa, huyo mtu asiyedanganya juu ya nyumba alidanganya juu ya mambo mengine yote. Mimi aliniambia aliwahi kufanya kazi reli. Kinyozi wetu alimwambia alikuwa jeshini. Mama wa mgahawa alijua kwa hakika kabisa kwamba alikuwa katekista huko Karema na alifukuzwa kwa sababu ya mwanamke. Nilimfikishia hiyo ya katekista, akafikiri kidogo, akasema, "Hiyo nayo nzuri."

Tena yeye mwenyewe alipanga. Chumba kimoja Majengo, bati limetoboka sehemu mbili, sufuria moja huku na beseni kule. Nilimuuliza inakuwaje mtu aliyewapa watu nusu ya mji pa kuishi yeye analala na sufuria.

"Kila nikiona nyumba nzuri," alisema, "namwona pia mtu anayeihitaji kuliko mimi." Akacheka. "Halafu hela yenyewe sina."

Kilichonifanya mimi niwe Mwandishi ni mwandiko. Kidato cha nne nilimaliza kwa matokeo ambayo hayatajwi mbele za wageni, lakini mwandiko nilitoka nao mzuri. Yeye kuandika alijua, ila herufi zake zilikuwa kama kuku kapita kwenye tope. Akaniletea makaratasi ya maboksi ya biskuti na maka peni, mimi nikawa naandika, yeye anatundika kwa kinyozi, kwenye mashine na kwenye mgahawa wa stesheni. Sharti lake lilikuwa moja.

"Weka ubaya kwanza."

Tangazo la kwanza niliona aibu kuliandika: *Choo kimetitia. Jirani ana mbwa wawili wakali. Vyumba vitatu, bati, kisima hakikauki.*

"Mzee, nani atakuja kwa sababu ya choo kilichotitia?"

"Wote watakuja. Ukimwandikia mtu sifa tupu anasoma huku anatafuta uongo umekaa wapi. Huyu sasa uongo autafute wapi? Umeshamtangulia. Anabaki na kisima."

Na kweli walikuja. Wa kwanza alikuja kuwaona mbwa.

Basi na hiyo nyumba yetu. Baba alipofariki tulibaki wawili, mimi na kaka. Kaka alikuwa Karema akivua kwenye mitumbwi ya watu, na alitaka wa kwake, wenye injini na nyavu nzuri. Hilo si kosa, mtu mzima mwenye familia. Alikuja na lori la samaki, akakaa kibarazani pangu, ananuka migebuka na amechoka.

"Mdogo wangu, tuuze. Vyumba vinne unalala peke yako kama mlinzi wa ghala. Wewe utapanga chumba kimoja, kitakutosha."

Mimi nilimjibu hivi: "Utakavyoona wewe, kaka."

Nieleze nilichokuwa nataka, maana wakati ule sikumweleza mtu. Vyumba havikuwa na neno, hata viwili ningeviachia. Nilitaka kibaraza. Mtu nisiyesafiri, barabara ile ilinisafiria. Walipita kina mama na mabeseni ya samaki, wafugaji na ng'ombe wao wakienda mnadani, wa Magamba na magunia ya mahindi kwenye baiskeli, na abiria wa Tabora wenye vumbi la safari. Wote walisalimu. Wengine waliomba maji, wakakaa, wakaniambia walikotoka. Ndivyo nilivyoujua ulimwengu. Ikiuzwa nyumba ningekwenda kupanga chumba cha uani, nitazame kamba ya nguo. Lakini kumwambia kaka, aliyenilea tangu mama alipoondoka, kwamba akavulie watu wengine maisha yake yote ili mimi nipate pa kukaa nitazame barabara, maneno hayo utayaanzia wapi?

Kaka akampa Dalali kazi. Dalali akanijia na karatasi lake la boksi.

"Mwandishi, leo tunaandika ya kwako."

"Naona."

"Ubaya kwanza."

Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Nikasema nitaweka ubaya mpaka wakimbie. Niliandika: *Popo wamejaa darini. Honi ya treni inaingia hadi kitandani. Mlango wa nyuma haufungi. Sakafu ya chumba cha pili ina ufa.* Nikaona bado, nikaongeza la mwisho kwa utulivu, herufi zimepangwa kama askari: *Watu hupita mbele ya mlango kutwa nzima, wa stesheni, wa sokoni na wa mnadani, wanasalimu, wanaomba maji, wanakaa kuongea, hakuna kupumzika.*

Dalali alilisoma mara mbili huku midomo inacheza. Akanitazama mimi, akaitazama barabara.

"Umeandika vizuri," alisema. "Hapo mwisho hasa." Akalikunja, akaondoka nalo.

Siku ya nne alikuja na mama mmoja muuza vitenge, mwanamke mnene wa vicheko, aliyekuwa anauzia mezani sokoni na anataka duka. Popo hakuwaulizia. Ufa hakuutazama. Alisimama kibarazani akiwa amekipa kisogo chumba cha mbele.

"Eti kijana, ni kweli watu wanapita hapa kutwa nzima?"

"Wanachosha, mama. Usiombe."

"Na wanasimama?"

"Hata ukiwafukuza."

"Mungu mkubwa!" akasema yule mama, na macho yakamjaa furaha.

Nyumba hakuitaka. Alitaka kipande cha mbele tu, kuanzia barabarani hadi hatua tatu kutoka ukuta wangu, na kibaraza kivunjwe kupisha. Dalali ndiye aliyeyapanga yote. Kaka atapata mtumbwi wake. Mimi nitabaki na vyumba vyangu vinne, na kaka hatarudi tena kuvidai. Mama atajenga duka. Kaka alikubali kabla sentensi haijaisha. Majirani walinipongeza. Wengine wakasema nimezaliwa na bahati, nimekaa tu nyumba imenijia.

Siku ya kukabidhiana, Dalali alifanya kama alivyofanya siku zote. Majirani waliopakana nasi walisimamishwa kwenye pembe nne za kile kipande, kila mmoja ameshika mche wa minyaa wa kupanda mpakani, na balozi wa nyumba kumi akakaa kwenye kiti na karatasi. Kisha kila anayelala kwenye nyumba ile aliulizwa kwa mdomo wake, mbele ya wote. Hapo ndipo alipokuwa mgumu. Huko Magamba aliwahi kuvunja mauzo yaliyokwishakamilika kwa sababu bibi mmoja aliyekuwa jikoni alijibu, "Mie wamenikuta napika." Dalali alimwambia mteja wake, "Twende, bwana, hapa bado," na akaondoka huku wanaume wa nyumba ile wakimtukana mgongoni.

Sasa kwangu anayelala ni mmoja.

"Wewe unayelala humu," alisema, "umekubali?"

Nilimtazama kaka. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Alikuwa ameshauchagulia mtumbwi jina, alituambia asubuhi.

"Mtakavyoona nyie," nikasema.

Dalali aliichukua karatasi kwa balozi. Kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu hata yule jirani wa pembe ya barabarani akauliza kama mche wake aupande au asiupande. Dalali alikuwa ananitazama, mimi nikawa natazama vidole vya miguu yangu. Halafu nikasikia kalamu inaandika. Kaka alinipiga mgongoni kwa furaha nikakohoa.

Duka lilijengwa kwa miezi mitatu. Mlango wake ukatazama barabara, mgongo wake ukanitazama mimi. Nilifungua mlango wangu nikaona matofali. Watu waliendelea kupita upande wa pili, nawasikia, wanasalimu, wanaomba maji, na yule mama anawajibu kwa vicheko vyake. Ni mama mzuri, sina neno naye. Pale dukani aliweka benchi, na treni ikichelewa Dalali akawa anaingojea pale. Kwangu alipita kuniletea makaratasi ya kuandika, akayachukua yakiwa tayari, lakini hakukaa tena. Nilijiambia ni haki yake. Kwangu akae atazame nini?

Miaka ikaenda. Nikaoa, jambo lililowashangaza watu, maana walijiuliza nilimwona wapi huyo mwanamke. Nilimwona kwangu. Alikuja kuuza maandazi.

Mara ya mwisho kumwona Dalali ilikuwa asubuhi moja mwishoni mwa miaka hiyo. Alizunguka duka akaja hadi mlangoni kwangu akiwa na begi, akapiga hodi, na nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba na kuketi bila kukaribishwa. Alisema anaondoka na treni ya siku ile. Binti yake yuko Tabora, kamwita akapumzike. Sikujua kama ana binti. Sikujua pia kama huyo binti si wa kutungwa kama ule ujeshi, lakini begi lilikuwa la kweli.

Mke wangu alimletea chai. "Mzee, kabla hujaondoka tuuzie na huyu. Andika tu: hatoki nje, hajatumika sana."

"Ubaya wake?" aliuliza Dalali.

"Ndiyo huohuo."

Tulicheka watatu. Kisha Dalali akakishika kikombe kwa mikono miwili, akautazama ukuta wa duka.

"Mwandishi, lile tangazo lako. Ubaya wa mwisho haukuwa ubaya."

Nilitazama vidole vya miguu yangu.

"Nilijua palepale. Mtu anayechukia wapita njia haandiki kwamba wanakaa kuongea. Yule mama sikumwokota. Nilimfuata sokoni mwenyewe, nikamsomea hayo maneno. Nilijua nyumba hataitaka, atataka mbele. Nikajiambia kijana atabaki na nyumba, kaka yake atapata mtumbwi, na mimi nitapata changu, maana mwezi ule nilikuwa vibaya. Halafu siku ile nikakuuliza, ukanijibu vile. Mtu mwingine angenijibu vile ningekunja karatasi. Kwako nikaandika amekubali."

"Hamna neno, mzee," nilianza. "Bila wewe saa hizi nimepanga. Yalishapita hayo, na kaka naye..."

"Ngoja," alisema, si kwa ukali. "Kaka yako sikuja kwake. Nimekuja kwako."

Mke wangu alikuwa anaosha vyombo pale pembeni. Akaacha. Nilikuwa na maneno mengine matatu manne ya namna ileile, mepesi, tayari mdomoni, na nadhani angeyapokea na angekwenda zake Tabora.

"Iliniuma," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa niendelee.

"Inaniuma mpaka leo. Kila asubuhi nikifungua mlango. Na wewe ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona," alisema Dalali.

Hakuomba radhi na mimi sikumwambia nimesamehe. Upande wa pili wa ukuta watu walianza kuitana kwamba treni inajipanga kuondoka, mizigo ikaburutwa, mama wa vitenge akamwaga vicheko vyake kwa mtu. Dalali aliusogeza mguu, nikadhani anainuka. Akakisukuma kikombe mbele, kuelekea kwa mke wangu, akaomba aongezewe chai.